Usimpake Mafuta

6 Mei

Wifi yangu,

Usishtuke kuona bahasha. Najua tumezoea simu ya Jumapili, lakini wewe huko unaongea umesimama jikoni kwa watu, mwenye nyumba ametega sikio, na mimi huku mama hunipokonya simu kabla sijamaliza salamu. Hili ninalotaka kukwambia halifai kusikilizwa na kila mtu.

Ni habari ya somo yangu, mwanao. Usikimbilie kulia. Anakula, anacheka, na mdomo wake bado ni ule ule wa babake, haufungi. Ila mguu wa kulia una jambo. Kwa muda nimekuwa nikisikia ndala yake ikipiga sakafu, pa, pa, nikamwambia aache kuburuta mguu kama mstaafu. Kumbe haburuti kwa kupenda. Unyayo haunyanyuki. Akitembea inabidi apandishe goti juu kama mtu anayepita kwenye matope, na asipopandisha anajikwaa. Ameshaanguka njiani akienda shule, akarudi na sare imechanika. Mama anasema ni viatu. Kaka anasema ni ile homa iliyomkondesha akabaki mifupa. Mimi kazi yangu ni vichwa, ya miguu siyajui.

Daktari wa zahanati alimgonga magoti kwa kinyundo, akamwambia atembee kwa visigino, akashindwa. Ametuandikia twende hospitali kubwa, kwenye chumba cha kupima umeme wa mishipa ya fahamu. Wanapitisha umeme kidogo miguuni na mikononi waone unakwenda kasi gani, kisha wanachoma sindano nyembamba kwenye msuli na kuusikiliza. Tumepewa tarehe 17. Sharti kubwa ni kwamba asipakwe mafuta wala losheni hata tone, maana vibandiko vya waya havishiki.

Nitakuandikia tukirudi. Usimwambie kaka kwamba nimekwambia kabla yake.

Wifi yako,
msusi


13 Mei

Wifi,

Barua yako nimeisomea chooni, maana ndiko pekee ninakoweza kufunga mlango. Huku namhudumia mama wa watu asiyeweza kutembea. Asubuhi namvisha soksi, jioni namvua, miguu yake naijua kuliko anavyoijua mwenyewe. Halafu miguu ya mtoto wangu wa miaka minane nahadithiwa kwa barua. Nimejiona sina maana.

Umpeleke, usisubiri kaka yako apate nafasi. Na kuhusu mafuta, nakujua wewe. Hujawahi kumtoa mtu mlangoni amepauka. Siku ya harusi yangu ulinipaka hadi bwana harusi akashindwa kunishika mkono. Safari hii nakuomba, usimpake. Aende alivyo, hospitali hawapigi picha.

Masomo ya alasiri asiyaache kwa sababu ya mguu, atakaa tu asome. Unakumbuka nilikuomba jambo moja nilipoondoka, kwamba mwanangu asikae saluni kuchambua nywele za watu. Mimi nimekua nikiosha vyombo vya watu, na hapa nilipo bado ni vya watu. Naamini hujasahau.

Mbusu. Mwambie mama yake anauliza kama jino limeota.

Wifi yako wa mbali


22 Mei

Wifi yangu,

Tumekwenda na tumerudi. Jino limeota, limekaa upande.

Chumba chenyewe ni kidogo, kitanda, mashine yenye kioo kama televisheni, na kiyoyozi kinachovuma ukutani. Asubuhi ile baridi ilikuwa kali. Tulichelewa kidogo kuingia kwa sababu Somo alitaka kunawa miguu kwanza. Mpimaji ni kijana mwenye maneno mazuri. Alimwambia umeme ukija utakuwa kama raba ya nywele inapokurukia kidoleni. Somo akacheka, akasema hiyo anaijua.

Umeme ulipomgusa, mguu uliruka wenyewe, naye akautazama kama si wake. Hakulia. Kwenye sindano ndipo alipotoa machozi kidogo, lakini mpimaji akaongeza sauti ya mashine, akamwambia asikilize redio ya mguu. Ikanguruma kama mvua juu ya bati. Tangu siku hiyo anaweka sikio gotini akitafuta stesheni.

Sasa lililo zito. Daktari alisema mishipa yote inakwenda polepole. Si ya mguu wa kulia tu. Wa kushoto pia, na mikono. Alisema mtoto akiwa hivyo kila mahali, mara nyingi ni ugonjwa wa kurithi. Hauui, ila hauna dawa, na miguu inaweza kudhoofika kadiri anavyokua. Anataka baba na mama wote wapimwe, ajue umetoka upande gani.

Mama alipoambiwa, kabla hajakaa, alisema kwetu hakuna kitu kama hicho. Tafuta pa kupimwa huko, na kaka nitamsukuma. Nisamehe kwa kukuletea habari hii, mkono ulikuwa mzito kuiandika.

Wifi yako,
msusi


5 Juni

Wifi,

Nimepimwa. Nilimweleza mwenye nyumba ili anipe ruhusa, na tangu hapo ananitazama miguu kila nikibeba sinia. Nilipokuwa nikisubiri zamu yangu nilikuwa nawapitia ndugu zangu mmoja mmoja kichwani, nani alikuwa akijikwaa. Nikamshuku hata babu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa akijikwaa kwa sababu tunayoijua sote.

Kwanza walinifunga miguu kwa taulo la moto, nikalala hivyo kwa muda. Sijui ni la nini, ila ilikuwa raha, tangu nifike huku hakuna aliyenipasha mimi moto. Halafu umeme. Wifi, ule umeme unauma. Mwanangu hakulia kwa umeme ule? Basi ni jasiri kuliko mama yake, kwa maana mimi nilimtaja mama yangu kwa sauti.

Niko mzima. Daktari alisema mishipa yangu inakwenda vizuri kabisa. Nilishukuru, nikatoka nje nacheka peke yangu barabarani, ndipo nikaona aibu. Mama gani anafurahi kwamba ugonjwa wa mwanawe haukutoka kwake? Usimwambie mtu kwamba nilicheka.

Kwa hiyo ni upande wenu. Simlaumu mtu, damu haichaguliwi. Mwambie kaka yako aende, tena aende na wewe, maana yeye akiona sindano hukumbuka ana safari.

Wifi yako wa mbali


30 Juni

Wifi,

Wewe umenyamaza. Kaka yako hakunyamaza.

Alipiga Jumapili. Nilikuwa nimeshika soksi ya yule bibi, simu nimeiweka mezani na sauti imefunguliwa ili mikono iwe huru. Hakunisalimu. Alisema, "Nimepimwa, niko safi. Wewe unasema uko safi. Basi mtoto ni wa nani?"

Nyuma yake nilimsikia mama mkwe akisema muulize, muulize. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni. Hata yule bibi, ambaye siku nyingine hajui kama ni asubuhi au jioni, alinishika mkono. Nilizima simu kwa sababu sikuwa na jibu. Mtu akisingiziwa wizi hupekuliwa, asipokutwa na kitu huachwa. Mimi nipekuliwe wapi?

Wewe ulikuwapo nilipojifungua. Wewe ndiye uliyempokea mikononi, ukasema mdomo ni wa kaka yako, ukampa jina lako mbele ya wote. Nakuomba unitetee. Sina mtu mwingine katika nyumba hiyo. Ukinyamaza wewe, atasema nani?

Wifi yako


11 Julai

Wifi yangu,

Soma ukiwa umekaa. Mtoto ni wa kaka, hilo halihitaji mashine. Na damu haina kosa, si yako wala yetu. Aliyeharibu ni mimi.

Siku ya kipimo nilimwangalia Somo mlangoni. Amepauka kama mtu aliyechezea unga, na njia yetu inapita mbele ya saluni, wateja wameshakaa barazani. Nikafikiria watakavyosema, msusi mzima anatoka na mtoto kama hana mwenyewe. Nikachota mafuta ya mgando, nikampaka miguu na mikono hadi mabegani. Barua yako nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeicheka, hasa pale pa bwana harusi.

Tulipofika, muuguzi wa mlangoni akaniuliza kama nimempaka mafuta. Nikasema hapana. Nilisema hapana, wifi, na viganja vyangu vinang'aa. Halafu nikaogopa kwamba vibandiko vitanisuta, nikamtoa Somo nje hadi kwenye bomba la uani, nikamsugua kwa sabuni na yale maji ya asubuhi yanayouma meno. Sikumwacha hadi alipoanza kutetemeka. Si yeye aliyetaka kunawa, nilikudanganya. Tukarudi, akalazwa chini ya kile kiyoyozi. Kipimajoto chao kilikuwa kibovu siku hiyo. Mpimaji alipomshika akasema mtoto huyu mbona wa baridi, nami nikamwambia ndivyo alivyo tangu azaliwe. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye shangazi.

Kumbe mshipa ukipoa, umeme hupita polepole hata kwa mtu mwenye afya. Siku ile sikulijua hilo. Nilianza kuwa na wasiwasi niliposoma habari ya taulo lako, nikalijua nilipompeleka kaka. Naye alifungwa taulo la moto, nikauliza ni la nini, mpimaji akanieleza vizuri kabisa huku akitabasamu. Nilikaa pale kwenye kiti nimekauka. Nikarudi nyumbani, nikamsikia mama akianza maneno yake juu yako, nikamsikia kaka akiyanywa, nami nikanyamaza. Ulipoandika kwamba huna jibu, mimi nilikuwa nalo. Siku zote nilikuwa nalo.

Utaniuliza kwa nini. Hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze. Nilijua kwamba kama si damu watatafuta kitu kingine, na watakitafuta kwangu.

Somo hasomi alasiri. Tangu mwanzo wa mwaka anakaa nami saluni. Nilianza kwa siku moja ya wateja wengi, kisha nikazoea. Ana vidole vyepesi, anachambua nywele kuliko msichana wangu yeyote, na wateja wanampenda. Mimi pia nilipenda awe karibu. Najua ulichoniomba. Nilikuwa nikijiambia nitaacha wiki ijayo.

Baada ya barua yako ya mwisho nilikwenda kwa mpimaji nikamwambia habari ya mafuta na ya bomba. Hakunifokea, na angenifokea ningepata nafuu. Alimpima Somo upya, miguu na mikono ikiwa imepashwa moto. Mikono mizima. Mguu wa kushoto mzima. Wa kulia nao mzima, isipokuwa mshipa mmoja unaopita nje ya goti, chini yake kidogo, palipo na kifundo cha mfupa. Umeme ukifika hapo unakwama.

Daktari akaniuliza mtoto huwa anakaaje. Nikasema anakaa kama watoto wengine. Basi Somo akajibu mwenyewe.

"Nakaa hivi," akasema, akapandisha mguu wa kulia juu ya wa kushoto, akaubana. "Shangazi amesema msichana hakai miguu wazi mbele ya wateja. Nakaa hivi mpaka nimalize nywele."

Daktari alinitazama, akaandika. Ni kweli nilimwambia. Kile kigoda ni kifupi, sketi nayo fupi, na wateja wana macho. Kila alipojisahau nilikohoa, naye akaubana tena. Daktari anasema ile homa ilimwondolea nyama ya kuukinga mshipa, na kukaa vile alasiri baada ya alasiri kumeubana hadi ukalala.

Atapona, wifi. Hilo ningelitanguliza, nisamehe. Mshipa wa mtoto huamka, ni suala la miezi, mradi asikae tena vile, na atavaa kifaa cha kushikilia unyayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema. Mimi nimeumbuliwa na mtoto wa miaka minane, tena mwenye jina langu.

Kaka na mama bado hawajui. Kila nikifungua mdomo mama ananiuliza kama chai iko tayari, nami nashukuru nimepata pa kukimbilia. Nitawaambia. Nimeanza na wewe.

Msusi


20 Julai

Barua yako imefika.

Nilipofika pale pa atapona nilipiga magoti nikalia. Nikamaliza kulia, nikairudia toka juu.

Nilifikiri nitakuwa na matusi mengi, lakini yamekwama. Nilikuwa nikimwambia kila mtu huku kwamba mwanangu yuko na shangazi yake, wala sina wasiwasi. Nilikuwa nikilisema kwa maringo. Halafu nakumbuka kwamba wiki tatu nzima nilimchukia mume wangu kwa ajili ya damu yake, na kumbe ni safi. Kwa hiyo hata mimi sina uso.

Lakini sikia. Umeniandikia mimi, na si mimi niliyekuwa na shaka. Barua yako nimeirudisha, imo ndani ya bahasha hii. Jumapili wakalishe mama mkwe na mume wangu, uisome kwa sauti, yote, hata pale pa bomba, hata pale ulipokuwa na jibu ukanyamaza. Usiwahadithie. Nakujua, ukihadithia utaipaka mafuta.

Msamaha usiniombe sasa. Sina, na sitaki kukudanganya kwamba ninao. Mwaka ukiisha nitakuja kumchukua mwanangu au nitabaki huko naye, sijaamua. Mpaka wakati huo yuko mikononi mwako kwa sababu sina mikono mingine.

Na Somo asije akadhani amekusaliti kwa kusema. Mwambie alisema vizuri. Umwambie wewe, si mtu mwingine.

Mama Somo


2 Agosti

Mama Somo,

Nimesoma. Walikaa, mama kwenye kiti chake, kaka kwenye ukingo wa kitanda, nikasimama. Nilidhani nitasoma haraka imalizike, lakini mwandiko wangu ni mbaya na machozi yaliniziba macho, ikabidi nirudie mistari. Pale pa mafuta mama aliguna, akasema hata yeye angempaka. Pale pa kunyamaza hakuguna. Nilipomaliza kaka alitoka nje, akasimama ameshika ukuta. Ameniambia maneno ambayo sitayaandika, yote ni yangu na nimeyapokea. Anataka kukupigia simu, hajui aanzie wapi. Nilimwambia aanze na salamu aliyoiruka.

Mama alijifungia chumbani, akatoka siku ya pili. Hajui kuomba radhi, unamjua, lakini amemkataza jirani asitaje tena jina lako uani kwetu, jirani aliyeyasikia maneno hayo kwa mama mwenyewe.

Somo nilimwambia kwamba alisema vizuri. Akaniuliza kama sasa nimekasirika. Nikasema hapana, nimeona aibu. Akauliza aibu inauma wapi. Sasa kila akitaka kukaa, hata mezani, anasimama kwanza na kuniuliza, "Shangazi, hivi ni sawa?" Nilimfundisha kukaa kwa aibu, sasa amesahau kukaa bila kuuliza. Nadhani hilo litachelewa kupona kuliko mshipa. Alasiri anasoma. Kigoda nimekitoa saluni.

Jana tulirudi kupimwa. Sikumpaka. Nilimvisha soksi nzito mbili mbili ili nyayo zipate joto, na kuanzia soksi hadi gotini alikuwa amepauka kabisa, kwa jua lile kila mtu aliona. Tulipita mbele ya baraza yangu. Mteja mmoja akaniuliza kama leo mafuta yamekwisha. Nikasema yapo. Tukaendelea kutembea, na nilijilazimisha nisimpeleke upande wa kivuli.

Kidole gumba kimeanza kunyanyuka. Kidogo, kama mtu anayeamka hataki. Mpimaji alimwita Somo fundi wa redio, wakacheka wote wawili.

Lakini nilitaka kukwambia la mlangoni. Alikuwapo muuguzi yule yule. Akaniuliza kama nimempaka mafuta, nikasema hapana. Alinitazama, kisha akainama na kumpitishia Somo kidole mguuni ahakikishe. Nikashika pindo la sketi ya Somo, nikalipandisha, apate kuona vizuri.

Msusi